Masisi: Mchezo wa kuwa mtu mwingine, na vijana waliorudi Burungu

Habari ya leo haihusu barabara wala bei ya maharagi. Inahusu mchezo wa simu, na swali ambalo wazazi wengi wa Masisi wanajiuliza. Mtoto aliyekimbia vita mara mbili, mara tatu, anatafuta nini tena ndani ya kioo kidogo chenye mapanga na moto?

Swali hilo linasikika sana pale vijana wa Burungu wanapochajia simu kwa paneli za jua. Wazee wanasema michezo yote ni sawa: ni kupiga, kuua na kumaliza unite. Vijana wanakataa. Wanasema kuna mchezo wa mpira, kuna wa mbio za magari, kuna wa kufyatua risasi, na kuna ule ambao mchezaji anachukua nafasi ya mtu na kuishi maisha yake. Huo wa mwisho tuuite mchezo wa uhusika. Vijana wanasema huo ni mwingine kabisa. Ukiwauliza ni mwingine kwa sababu gani, kila mmoja anajibu lake.

Inafaa kutafuta jibu vizuri, kwa sababu linagusa vitu viwili ambavyo kila familia inavijua: simu ya nyumbani, ambayo ni mali, na kijana wa nyumbani, ambaye kuna watu wengine wanamtaka.

Mama, mtoto na simu moja

Kijana mmoja wa Burungu ana miaka 17. Jina lake halitajwi hapa kwa usalama wake. Mwanzoni mwa 2023, vita ilipofika Kitchanga, yeye, mama yake na wadogo zake wawili walishuka kwa miguu kupitia Kilolirwe mpaka Sake, kisha Bulengo, magharibi ya mji wa Goma. Walikaa chini ya hema kwa miaka miwili. Mwezi wa pili 2025, baada ya Goma kuingia mikononi mwa M23, kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao. Familia hiyo ikarudi Burungu. Nyumba ilikuwa imebaki kuta, mabati yamekwenda. Shamba lilikuwa kichaka.

Simu wanayo moja. Kijana aliinunua Bulengo kwa pesa za kubeba bidoni za maji za watu na kusukuma chukudu. Ndani yake aliweka mchezo wa uhusika ambao hauhitaji intaneti. Karibu mwaka mzima alimlea mtu wake mle ndani. Mtu huyo alianza akiwa mtoto wa kijiji mwenye fimbo tu, akapata upanga, akapata wenzake watatu, akajifunza kutibu majeraha, akawa anajulikana katika miji mitano.

Msimu wa kupanda wa mwezi wa tisa ulipokaribia, mama alisema simu iuzwe, inunuliwe mbegu ya maharagi na jembe.

"Mama, usiiuzishe. Mule ndani kuko mutu wangu."

Mama hakukasirika. Alikaa juu ya bidoni, akamwambia amwonyeshe huyo mtu. Kijana akamwonyesha: miji, soko, milima, wanyama wa kutisha. Mama akaangalia muda mrefu, halafu akauliza, "Anakulaka nini?"

"Ananunuaka mikate kwa duka, mama."

"Na ule wa duka, nani anamulimiaka?"

Kijana alitafuta kwenye miji yote mitano. Hakuna shamba hata moja. Mama akaendelea. Wale anaowaua njiani, wana wazazi? Kijana hakujua. Na ukikosea, unafanya nini? Kijana akasema unarudi pale ulipohifadhi mchezo, unaanza tena kama vile hakuna kilichotokea. Mama akacheka: "Basi hapo si Masisi."

Mama huyo hakusoma kupita darasa la nne. Lakini maswali yake matatu ndiyo ambayo watengenezaji wa michezo hii wamekuwa wakiyajibu, wengine vizuri na wengine vibaya, kwa miaka 50.

Ulianza kwenye karatasi

Wengi wanadhani mchezo wa uhusika ulizaliwa ndani ya kompyuta. Sivyo. Ulitoka kwenye meza, na kabla ya hapo ulitoka kwenye jeshi. Mwaka 1824 afisa mmoja wa jeshi la Prussia, nchi ambayo baadaye ilikuja kuwa sehemu ya Ujerumani, alitoa mchezo wa ramani, vipande vidogo vya askari na dadu, ili maafisa wajifunze kuongoza vita bila kumwaga damu. Raia nao wakaupenda mtindo huo, wakawa wanacheza vita vya zamani nyumbani kwao.

Katika michezo hiyo kipande kimoja kilikuwa kikundi kizima cha askari. Hakuna aliyejua jina la askari wala shida zake. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walipotoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Humo kila mchezaji ana mtu mmoja tu. Mtu huyo ana jina, ana kazi yake, ana nguvu zilizoandikwa kwa namba kwenye karatasi. Mmoja wa wachezaji anakuwa msimulizi: anaeleza mahali walipofika na nani wamekutana naye, kisha anauliza, "Mnafanya nini?" Wenzake wanajibu wanavyotaka. Pale ambapo hakuna anayejua kama jambo litafaulu, dadu inaamua. Mtu akipita salama anapata uzoefu, na uzoefu ukijaa anapanda ngazi.

Kompyuta ziliiga hayo mapema. Mwaka 1981 ilitoka michezo miwili ya Marekani iliyovuma sana, Wizardry na Ultima. Wajapani wakaleta Dragon Quest mwaka 1986 na Final Fantasy mwaka 1987, wakaufanya uwe rahisi kwa mtoto yeyote mwenye televisheni. Mwaka 1996 ikaja Pokémon, iliyochezwa kwa kifaa cha mkononi. Michezo mingi ya aina hii iliyomo leo kwenye simu za vijana wa Masisi inafuata njia hiyo hiyo: mtu dhaifu anatoka kijijini, anatembea, anapigana, anajifunza, anakuwa mkubwa.

Na kitu kimoja kinachofanya vifaa hivyo viwake kinatoka karibu. Tantali, madini yanayopatikana ndani ya koltani, hutumiwa kutengeneza vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu na mashine za michezo. Rubaya, hapa hapa Masisi, ni kati ya machimbo makubwa ya koltani duniani. Wachimbaji wa zamani bado wanakumbuka mwaka 2000, bei ilipopanda ghafla na watu wengi wakaacha mashamba kufuata mashimo. Mwaka huo huo kampuni ya Sony ilianza kuuza PlayStation 2. Bei ilipoanguka mwaka uliofuata, mashimo yalibaki na mashamba yalikuwa yamelala.

Kinachoutofautisha na michezo mingine

Vijana wengi wakiulizwa mchezo wa uhusika ni upi, wanataja namba: nguvu, ngazi, dhahabu, silaha mpya. Jibu hilo halitoshi. Mchezo wa mpira wa kwenye mashine una namba pia. Kila mchezaji wa timu amepimwa mbio zake, mashuti yake na pasi zake. Hakuna anayeuita mchezo wa uhusika.

Wengine wanasema ni hadithi. Hilo nalo halitoshi. Mchezo wa kufyatua risasi unaweza kuwa na hadithi ndefu kama filamu, lakini mchezaji anapelekwa tu, kama abiria nyuma ya moto. Dereva akikata kushoto, naye ameenda kushoto.

Ukiangalia karatasi ile ya 1974 na michezo mizuri iliyofuata, unakuta mambo matatu yanayokwenda pamoja. La kwanza, kuna mtu ambaye si wewe, na wewe unaamua kwa niaba yake. Unajiuliza mtu wa namna hii angefanya nini hapa, na si tu wapi pa kubonyeza. La pili, mtu huyo anabadilika kwa sababu ya aliyoyapitia, na mabadiliko yanabaki. Ukimfundisha kutibu badala ya kupiga, kesho atakuwa mganga, na milango mingine itafungwa kwake. La tatu, ulimwengu unakumbuka. Ukimwibia mtu wa duka leo, ukirudi kesho anakujua.

Likikosekana la kwanza, una mchezo wa mahesabu. Likikosekana la pili, una mchezo wa bahati, unaoanza upya kila siku. Likikosekana la tatu, una kile mama wa Burungu alichokiona kwa jicho moja: dunia isiyo na shamba, yenye watu wasio na wazazi, ambamo hakuna kosa lenye gharama.

Na ndugu wazazi, watoto wetu wanayajua mambo haya matatu bila simu. Aliyewaona watoto wa Bulengo au Kanyaruchinya wakicheza baba na mama anajua. Mmoja ni mama, mwingine ni wa kugawa chakula mwenye kitabu cha majina, mwingine ni muuguzi, mwingine anasimama kwenye bariyeri na kamba. Akija wa kupita, wa bariyeri anadai pesa. Wa kupita anasema hana kitu, mtoto wake anaumwa. Hapo mchezo unasimama, na wote wanamtazama wa bariyeri ataamua nini. Akimkatalia, keshoye watoto wanakumbuka na hawamkaribishi kwenye nyumba ya mchezo. Yote matatu yamo humo.

Wafalme waliofukuzwa na mkimbizi aliyetengeneza

Kuna mfano mzuri uliotengenezwa na Waafrika wenyewe. Mjini Yaoundé, Kamerun, kampuni ya Kiro'o Games, iliyoanzishwa na Madiba Guillaume Olivier, ilitoa mwezi wa nne 2016 mchezo wa uhusika unaoitwa Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Unachezwa kwa kompyuta, na una Kifaransa. Mhusika mkuu ni Enzo Kori-Odan, mwana wa mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Zama. Siku ya kutawazwa kwake na ya ndoa yake na Erine, shemeji yake anampindua. Mume na mke wanatoka nchini mwao mikono mitupu. Mchezo wote ni safari yao katika nchi za watu, wakitafuta marafiki na wakitafuta nguvu inayotoka katika urithi wa mababu.

Familia iliyolala Sake kwenye darasa la shule itaelewa mchezo huo haraka. Enzo na Erine wanafika kwa watu wenye shida zao, na watu hao hawawadai heshima kwa sababu walikuwa wakubwa kwao. Wanaipata kwa kazi. Erine naye si pambo la mumewe. Anapigana kando yake na anashauri.

Mfano wa pili unatoka karibu zaidi. Lual Mayen alizaliwa wakati wazazi wake wakikimbia vita ya Sudan Kusini. Alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, akaishi huko miaka 22. Mwaka 2007 aliona kompyuta kwa mara ya kwanza mahali wakimbizi wanapoandikishwa, akamwambia mama yake anaitaka. Mama aliweka akiba kwa miaka mitatu, kidogo kidogo, mpaka ikafika dola 300, akamnunulia. Kambini hakukuwa na umeme. Lual alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Alijifunza peke yake kutengeneza michezo, na alitengeneza mmoja unaoitwa Salaam, yaani amani. Baadaye alikwenda Marekani, akaanzisha kampuni yake, Junub Games, na mwaka 2018 alitambuliwa katika tuzo kubwa za michezo ya video ziitwazo The Game Awards.

Katika Salaam mchezaji anachukua nafasi ya mkimbizi anayekimbia kutoka nchi ya vita kutafuta mahali pa usalama. Nguvu za mkimbizi zikiisha, mchezaji ananunua maji, chakula au dawa kwa pesa za kweli, na mpango wake ni kwamba pesa hizo zisaidie wakimbizi walio kambini.

Kwa kipimo cha mambo matatu, Salaam si mchezo kamili wa uhusika. Ni mchezo wa kukimbia: mkono wa haraka unashinda kuliko uamuzi. Lakini jambo la kwanza analo kwa wingi. Kijana wa mbali ambaye hajawahi kubeba godoro kichwani anawekwa ndani ya mtu anayekimbia, na anaambiwa kiu ina bei. Lual Mayen alitoka kwenye michezo ya kuua aliyoicheza kambini, akaona kwamba kifaa kile kile kinaweza kumfanya mtu aijue hali ya mwenzake.

Mchezo unaoshibisha

Sasa tufike kwenye kushiba, kwa sababu si kila mchezo wenye mambo matatu unashibisha. Kijana anaweza kucheza usiku kucha na kuamka hajisikii kitu.

Unaoshibisha kwanza ni ule ambao uamuzi una gharama. Mwaka 1985 Mmarekani Richard Garriott alitoa Ultima IV. Alikuwa ametengeneza mitatu ya kumuua adui mkubwa, huu akaufanya bila adui mkubwa. Kazi ya mchezaji ni kuwa mtu mwema katika mambo manane, kama ukweli, huruma, haki na unyenyekevu. Ndani yake kuna wauzaji wa dawa za miti ambao ni vipofu. Unachukua bidhaa, na wewe mwenyewe unaandika umelipa kiasi gani. Unaweza kumpa kidogo, hakuna atakayekukamata, na dhahabu inabaki mfukoni. Lakini mchezo unaandika, na baadaye utajikuta umefungiwa njia. Kila mama anayeuza unga sokoni Kitchanga bila mzani anaujua mtihani huo.

Pili, unashibisha ule usiokulazimisha njia moja. Mwaka 2015 kijana wa Marekani, Toby Fox, alitoa Undertale. Kila anayekuzuia njiani unaweza kupigana naye, au unaweza kuzungumza naye mpaka akuache upite. Mtu anaweza kuumaliza mchezo wote bila kuua hata mmoja. Na aliyeua, akirudi pale alipohifadhi ili aanze upya, baadhi ya wahusika wanaonyesha kwamba wanakumbuka alichofanya. Jibu la mama wa Burungu, "basi hapo si Masisi," lingekuwa gumu kidogo mbele ya mchezo huo.

Tatu, unashibisha ule ambao kukua ni jasho. Hapa wazazi wafungue macho. Michezo mingi ya bure ya kwenye simu imepangwa ili mchezaji achoke makusudi. Anafika mahali hawezi kusonga, halafu anaambiwa anunue nguvu kwa pesa za kweli. Akinunua, mtu wake anapanda ngazi kumi bila kufanya kitu. Raha yake inaisha kabla ya jua kuzama, na kesho anaambiwa anunue tena. Simu ya mzazi yenye M-Pesa au Airtel Money isiachwe na namba ya siri ambayo mtoto anaijua. Mchezo unaochezwa bila intaneti, uliolipiwa mara moja au usiodai chochote, una hasara ndogo zaidi.

Wanaotoa uhusika bure

Kuna sababu nyingine ya kuzungumza haya, na ni nzito kuliko unite.

Vikundi vyenye silaha navyo vinatoa uhusika. Kijana anayekaa bila shule, bila shamba, bila mabati, anapewa jina jipya siku ya kwanza. Anapewa nguo, anapewa wenzake, anaambiwa akifanya hivi atapanda cheo. Kila kitu ambacho mtu wa kwenye simu alikipata kwa mwaka, yeye anaahidiwa kwa wiki. Wazee wanakumbuka kadogo wa 1996 na 1997, watoto waliotembea na bunduki kutoka Kivu hadi Kinshasa. Wengi wao walikuwa na majina ya vita. Waliorudi walichukua miaka mingi kujibu tena wakiitwa kwa majina yao ya nyumbani.

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inakataza kumwandikisha au kumtumia mtu wa chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kikundi chenye silaha. Sheria ipo, lakini haikai kwenye njia ya shambani saa ya jioni. Rafiki mmoja wa kijana wetu wa Burungu aliondoka kwa njia hiyo. Walikuwa wakichaji simu pamoja na kubishana nani ana upanga mkali. Siku moja hakuja. Baada ya wiki mbili alionekana upande mwingine na jina ambalo mama yake hakumpa.

Kusema kwamba mchezo wa simu ndio uliompeleka si kweli. Wako wengi waliokwenda bila kushika simu, na wako wengi wanaocheza ambao hawakwenda popote. Njaa, hofu na kukosa kazi vina nguvu kuliko kioo. Lakini mchezo wa uhusika unaonyesha wazi kijana anatafuta nini: kuanza mdogo na kukua, kuwa na wenzake, na kuona anachoamua kikibadilisha jambo fulani. Asipovipata nyumbani, shuleni, kanisani, msikitini au kwenye kazi, atavipokea kwa anayevitoa. Na huyo anayevitoa hana mahali pa kurudia pale ulipohifadhi.

Maharagi kwenye mkeka

Simu iliuzwa. Mbegu zilinunuliwa na jembe likapatikana. Kijana alikaa siku kadhaa hazungumzi na mtu, na mama yake alimwacha.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Wadogo zake walikuwa wamezoea kumtazama akicheza, wakamwomba awasimulie mtu wake alifika wapi. Akasimulia. Wakamuuliza, "Na sisi tukiwa mule, tutafanya nini?" Akachonga dadu ya mti, akachoma nukta kwa msumari wa moto. Kwenye daftari kuukuu la shule aliandika kila mtoto na mtu wake. Namba za nguvu aliziweka kwa punje: ukijeruhiwa unarudisha punje moja ya haragi, ukipumzika unapewa moja ya mahindi. Yeye akawa msimulizi. Bila kujua, alikuwa amerudi mwaka 1974.

Sasa watoto saba au wanane wanakuja Jumapili mchana. Hakuna mazimwi katika mchezo wao. Kuna kijiji ambacho watu wanarudi baada ya vita, na kila mmoja amechagua wa kuwa: mkulima, muuguzi, fundi wa nyumba, mwenye chukudu. Shamba lipo, kwa sababu mama aliuliza. Anayeuawa hafufuki, na wanaobaki wanapaswa kumzika na kugawana kazi yake. Jambo hilo mama ndiye aliyelidai, na watoto walilikubali haraka kuliko ilivyotarajiwa.

Jumapili moja msichana wa miaka 12 aliomba kuwa mtu wa bariyeri. Wenzake walikataa. Yeye akashikilia. Alipoketi penye kamba, mwenye chukudu akafika na magunia mawili ya viazi, hana pesa. Msichana alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Kwenu mko wangapi?" Akaambiwa sita. Akafungua kamba, akaomba viazi vinne. Msimulizi akamuuliza kwa nini vinne, maana angeweza kuchukua gunia zima. Akasema, "Niko na njaa pia, lakini atapitia hapa tena."

Mzazi anayetaka kujua mchezo wa mtoto wake una faida gani hahitaji kusoma kitabu. Akae karibu naye, amwombe amwonyeshe mtu wake, aulize: anakula nini, nani anamlimia, anaowapiga wana wazazi, na akikosea inakuwaje? Mtoto mwenye majibu anacheza mchezo unaomfikirisha. Mtoto asiye na majibu anaweza kuanza kuyatafuta siku hiyo. Na nyumba isiyo na simu ina karatasi, ina kipande cha mti cha kuchongea dadu, na baada ya mavuno, Mungu akipenda, itakuwa na maharagi.